Cheti cha usimamizi wa kanzidata: namna ya kuamua kabla hujalipa, kwa walioko Arusha na Moshi

Mitihani miwili ya msimamizi wa kanzidata (database, mfumo wa kutunza rekodi kwenye kompyuta) ya Oracle toleo la 19c, yaani 1Z0-082 na 1Z0-083, ina bei ya dola 245 kila mmoja. Piga hesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola upate mfano: ni shilingi 1,225,000, na hapo hujanunua bando, hujalipa mkufunzi, wala hujafeli hata mara moja. Kwa mtu wa TEHAMA anayepanga chumba Sakina au Pasua, hizo si pesa za kutoa kwa sababu rafiki kaweka picha ya cheti chake mtandaoni.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili usome ukijua tunaelekea wapi. Mwajiri achaguliwe kwanza, kanzidata ifuate, cheti kije mwisho. Wengi huanza na cheti, halafu wanazunguka nacho wakitafuta ofisi inayokihitaji. La pili: usilipie mtihani wowote kabla hujaweza kurejesha kanzidata iliyokufa, peke yako, bila kufungua maelekezo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni jaribio hilo, maana ndilo linalokupa jibu kwa gharama ya umeme na muda tu.

Wiki mbili za daftari

Usifungue tovuti ya Oracle wala ya Microsoft bado. Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kurasa za ajira za mabenki na kampuni za simu, LinkedIn, na kurasa za mashirika ya kimataifa yenye ofisi Arusha, kuanzia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kusanya matangazo 20 ya kazi ambazo ungeziomba kweli. Yakiwa matano tu, tangazo moja la ajabu litakupotosha. Ikibidi, rudi nyuma hadi mwaka mmoja. Tangazo lililokwisha muda bado linaonyesha mwajiri anataka nini.

Kwa kila tangazo andika mstari mmoja wenye mambo matano: kituo cha kazi, jina la kanzidata iliyotajwa, elimu inayotakiwa, miaka ya uzoefu, na cheti. Kwenye cheti weka alama tatu tofauti: L kama ni lazima, N kama kitakuwa nyongeza, na 0 kama hakikutajwa. Usichanganye L na N. Tangazo linalosema mwenye cheti atapewa kipaumbele halijakufungia mlango. Linalosema awe na cheti limekufungia.

Safu ya kituo cha kazi ndiyo itakayouma. Makao makuu ya mabenki makubwa na ya kampuni za simu yako Dar es Salaam, na huko ndiko kunakokaa seva na watu wanaolipwa kuzilinda usiku na mchana. Kwa Arusha na Moshi, kazi yenye jina la msimamizi wa kanzidata peke yake ni chache. Kampuni ya utalii yenye magari 20 pale Njiro haiajiri mtu wa kanzidata. Inaajiri mtu wa TEHAMA ambaye asubuhi anatengeneza printa na mchana anahangaika na mfumo wa kupokea nafasi za wageni. SACCOS hali ni hiyohiyo. Hospitali, vyuo, mamlaka za maji na mashirika ya kimataifa ndiko kwenye kazi inayokaribia ile unayoiota. Kwa hiyo jiulize mapema, na ujibu kwa ukweli: kazi ikipatikana Dar au Dodoma, nitahama? Ukijibu hapana, thamani ya cheti cha Oracle kwako inashuka sana, na thamani ya kujua vizuri MySQL na PostgreSQL, kanzidata zinazopatikana bure, inapanda.

Kwenye utumishi wa umma angalia safu ya elimu kabla ya cheti. Nafasi za Afisa TEHAMA Daraja la II huanza na shahada, na cheti cha kampuni hakizibi pengo la shahada. Mwenye stashahada anayelenga serikalini ajiulize kama hizo milioni na ushee zisingefaa kuwa ada ya chuo.

Kuna mlango mmoja ambao matangazo hayauonyeshi: zabuni. Kampuni inayoomba kazi ya mfumo kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya umma mtandaoni, huambatanisha wasifu wa wataalamu wake, na nyaraka za zabuni zikitaja mtaalamu mwenye cheti, asiye nacho anaipunguzia kampuni alama hata awe fundi kiasi gani. Kama uko kwenye kampuni ya namna hiyo, au unataka kuingia, muulize mkubwa wa kazi swali moja: zabuni mbili za mwisho zilitaja cheti gani? Jibu lake lina uzito kuliko ushauri wote wa mitandaoni. Na kampuni ikikihitaji, ilipie yenyewe.

Mfumo gani unakuzunguka

Kama tayari uko kazini, jua ofisi yako inatumia nini. Kwenye seva ya Linux, amri ya `ss -ltn` itakuonyesha milango (port) inayosikiliza: 1521 kwa kawaida ni Oracle, 1433 ni SQL Server, 3306 ni MySQL au MariaDB, 5432 ni PostgreSQL. Fanya hivyo kwenye seva uliyokabidhiwa tu. Kuchungulia mashine ya watu bila ruhusa kunakuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Usidharau kanzidata ndogo. SQL Server Express ni ya bure, na hadi toleo la 2022 ina ukomo wa GB 10 kwa kila kanzidata. Duka la jumla lenye mfumo wa mauzo linaweza kufika hapo baada ya miaka michache, na siku hiyo mauzo yanagoma kuingia huku foleni ikiwa mlangoni. Anayejua kwa nini yamegoma, na anayeweza kuhamisha rekodi za zamani bila kuzipoteza, tayari ana kazi hapa mjini, awe na cheti au asiwe nacho.

Jaribio la siku 30

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Unahitaji laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD yenye GB 60 za wazi. Ukilenga Oracle, tafuta GB 16, kwa sababu mashine pepe yake (kompyuta inayoigizwa ndani ya laptopu yako) ikipewa chini ya GB 4 utatumia muda wako kusubiri. Sakinisha VirtualBox, kisha tengeneza mashine pepe mbili za Ubuntu Server, kila moja GB 2 za RAM na GB 20 za diski. Mafaili yote pakua mara moja sehemu yenye neti ya uhakika. Baada ya hapo mazoezi hayahitaji bando.

Tunapendekeza ufanye jaribio kwa PostgreSQL hata kama cheti unachokifikiria ni cha mwingine. Ni ya bure bila ukomo wa ukubwa, na dhana zake utazikuta kwingine zikiwa na majina mapya.

Siku tatu za kwanza, tengeneza kanzidata iitwayo duka na ujaze rekodi milioni moja:

```
CREATE TABLE mauzo (
  id bigserial PRIMARY KEY,
  mteja_id int,
  kiasi int,
  wakati timestamptz
);
INSERT INTO mauzo (mteja_id, kiasi, wakati)
SELECT (random()*4999)::int + 1,
       (random()*90000)::int + 1000,
       now() - random() * interval '365 days'
FROM generate_series(1, 1000000);
```

Kisha tafuta mauzo ya mteja namba 77 ukitanguliza `EXPLAIN ANALYZE`, amri inayoonyesha njia na muda wa utafutaji. Andika muda. Tengeneza indeksi (orodha ya kutafutia haraka) kwenye mteja_id, rudia, andika tena. Mteja mmoja ana rekodi kama 200 kati ya milioni. Bila indeksi mashine inapekua zote, ikiwa nayo inakwenda moja kwa moja kwenye hizo 200. Kama tofauti ya namba hizo mbili haikukusisimua hata kidogo, jiandikie pembeni. Kazi hii ni kutazama namba za namna hiyo miaka nenda miaka rudi.

Siku ya nne hadi ya kumi ni nakala rudufu ya kawaida:

```
pg_dump -Fc -f duka.dump duka
```

Ihamishie kwenye mashine pepe ya pili, tengeneza kanzidata tupu iitwayo duka2, halafu `pg_restore -d duka2 duka.dump`. Hesabu rekodi pande zote mbili. Kabla ya kuchukua nakala hiyo hakikisha uliongeza watumiaji wawili, mhasibu na muuzaji, wenye ruhusa tofauti, maana hapo ndipo utakapokutana na kosa lako la kwanza la kweli: mashine ya pili italalamika kwamba mhasibu hayupo. `pg_dump` huchukua kanzidata moja. Watumiaji ni mali ya seva nzima na hawamo. Wanachukuliwa kwa `pg_dumpall --globals-only`. Kuna ofisi huchukua bakapu kila usiku na hazilijui hilo, na zitalijua siku seva ikiungua.

Mpe mhasibu ruhusa ya kusoma tu, halafu ongeza jedwali jipya. Hataliona. `GRANT SELECT ON ALL TABLES` inagusa majedwali yaliyopo wakati huo. Ya kesho yanahitaji `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`. Jambo dogo, lakini watu hulitatua kwa kumpa kila mtu ruhusa zote, na hapo ndipo muuzaji anapofuta mauzo ya Jumatatu.

Siku ya 11 hadi ya 22 ni kurejesha hadi dakika fulani, na hapa usikimbie. Tuseme mtu kafuta jedwali la mauzo saa nne na robo asubuhi. Bakapu ya jana usiku itakupotezea mauzo yote ya asubuhi. Unataka kurudi hadi saa nne na dakika 14. Weka kwenye mipangilio:

```
archive_mode = on
archive_command = 'test ! -f /arkaivu/%f && cp %p /arkaivu/%f'
archive_timeout = 300
```

Anzisha seva upya, kisha chukua nakala ya msingi kwa `pg_basebackup`. Mstari wa tatu una sababu yake. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye mafaili ya logi ya MB 16, na faili hunakiliwa kwenye arkaivu (saraka ya akiba) likijaa. Duka lenye mauzo machache linaweza kushinda siku nzima halijajaza MB 16, kwa hiyo diski ikifa jioni, mauzo ya siku hiyo yanakwenda nayo. Hizo 300 ni sekunde: faili lipelekwe kila baada ya dakika tano hata kama halijajaa.

Sasa ongeza rekodi, tazama saa, subiri dakika mbili, futa jedwali. Zima seva. Saraka ya data iliyoharibika ipe jina jingine, usiifute. Nakili nakala ya msingi mahali pake, kisha weka:

```
restore_command = 'cp /arkaivu/%f %p'
recovery_target_time = '2026-03-07 10:14:00+03'
```

Tengeneza faili tupu liitwalo `recovery.signal` ndani ya saraka ya data, uwashe seva. Itakugomea, pengine mara tatu nne, na sababu zenyewe karibu zote zinajulikana.

Ya kwanza ni umiliki: ulinakili ukiwa root (mtumiaji mkuu wa Linux), na seva haiwaki kama saraka si ya mtumiaji postgres au iko wazi kwa watu wengine. Rekebisha kwa `chown -R` na `chmod 700`.

Ya pili ni mahali pa faili. Kwenye Ubuntu mipangilio iko /etc/postgresql, hivyo mtu huweka `recovery.signal` hukohuko, na seva haiioni.

Ya tatu ni maelekezo ya zamani. Kuanzia toleo la 12, faili la `recovery.conf` halitumiki tena, na seva ikilikuta inakataa kuwaka. Ukisoma maelekezo yanayolitaja, funga ukurasa.

Ya nne ni saa, na sisi watu wa Afrika Mashariki tunaingia mtego huu kirahisi kwa sababu tunaishi na saa tatu kwa wakati mmoja. Mezani ni saa nne na robo. Kwenye simu ni 10:15. Kwenye mashine pepe ya Ubuntu, ambayo kwa kawaida huanza na saa ya UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), ni 07:15. Ukiandika 10:14 bila `+03`, seva inaelewa saa saba na dakika 14 mchana wa Arusha, wakati ambao bado haujafika. Matoleo ya 13 na kuendelea yatasimama na kusema yamefika mwisho wa logi kabla ya muda ulioutaja. Yaliyotangulia yangesoma logi yote pamoja na lile tendo la kufuta, na ungebaki mikono mitupu.

Ya mwisho si kosa ila huwatisha watu. Ikifika muda uliotaja, seva inatulia na kukubali kusomwa tu. Ni makusudi, upate kukagua. Ukiridhika unatoa `SELECT pg_wal_replay_resume();` na kazi inaendelea.

Siku ya 23 hadi ya 26, jaza diski. Andika `archive_command` yenye njia isiyokuwepo, endelea kuingiza rekodi, na utazame saraka ya pg_wal ikivimba: seva haithubutu kufuta logi ambayo haijahifadhiwa. Ikijaa, inasimama. Kishawishi cha kufuta mafaili hayo kwa mkono ni kikubwa, na ndicho kinachoua kanzidata kabisa. Tiba ni kurekebisha njia au kuongeza nafasi, kisha kuiacha ijisafishe. Ugonjwa huuhuu kwenye Oracle unakuja na namba ORA-00257, na kwenye SQL Server ni faili la logi linalokua bila kikomo kwa sababu kanzidata iko kwenye hali ya FULL (inayotunza logi hadi inakiliwe) na hakuna anayechukua nakala ya logi. Ukiuelewa kwenye mfumo mmoja, umeuelewa kwenye yote mitatu.

Siku zilizobaki rudia zoezi la kurejesha. Zima mashine pepe ghafla katikati ya kuingiza rekodi, kama umeme unavyokatika, uone inavyojiokoa ikiwaka. Kipimo chetu ni hiki: kurejesha hadi dakika uliyotaja, ndani ya dakika 45, bila kusoma popote, mara tatu kwa siku tofauti.

Ukifaulu na ukagundua siku fulani ulisahau kula, endelea kusoma. Ukifika siku ya 15 ukiona ni adhabu, umeokoa milioni moja, na hakuna aibu hapo. Kutengeneza programu au kushughulikia mitandao ni kazi nyingine zinazolisha watu.

Cheti kipi, kama ni ndiyo

Oracle tumeshakitaja: mitihani miwili, ndicho kizito na ghali, na maana yake iko kwa anayelenga benki, kampuni ya simu au taasisi kubwa yenye Oracle. MySQL nayo iko chini ya Oracle na mtihani wake kwa toleo la 8.0 ni 1Z0-908.

Microsoft wana DP-300, mtihani wao wa msimamizi wa kanzidata. Nchini Marekani ni dola 165, ila wao hupanga ada kwa nchi, hivyo chagua Tanzania kwenye ukurasa wa mtihani uone ya kwako kabla ya kukata tamaa. Alama ya kufaulu ni 700 kwa 1,000. Mtihani unahusu SQL Server na zaidi kanzidata zilizo kwenye wingu la Azure (seva za Microsoft za kukodi mtandaoni), kwa hiyo aliyezoea seva ya chini ya meza ana la kusoma. Cheti kinadumu mwaka mmoja, na kukihuisha ni bure mtandaoni kuanzia miezi sita kabla hakijaisha. Wana pia maswali ya mazoezi ya bure kwenye Microsoft Learn. Yamalize kabla ya kumlipa mtu yeyote.

PostgreSQL haina cheti kimoja rasmi cha jumuiya yake. Kampuni kama EDB hutoa vya kwao. Ukikuta mwajiri hapa mjini anadai cheti cha PostgreSQL, muulize anamaanisha kipi.

MongoDB, wenye kanzidata nyingine, wana cheti cha msimamizi kwa dola 150. Usikifuate kama hakikutokea kwenye daftari lako.

Vyeti hufa, hilo nalo liingize kwenye hesabu. Vile vya Microsoft vya MCSA vya SQL Server vilifungwa tarehe 31 Januari 2021, na cha AWS (wingu la Amazon) cha kanzidata kilifungwa Aprili 2024. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye ukurasa rasmi kama mtihani umepangiwa tarehe ya kustaafu.

Pesa na wakufunzi

Kwenye bajeti weka ada ya mtihani mara moja na nusu, si mara moja. Nusu hiyo ni mwanzo wa akiba ya kurudia. Microsoft wanakuruhusu kurudia baada ya saa 24 ukifeli mara ya kwanza, kisha ni siku 14 kila mara, hadi mara tano kwa miezi 12, na kila mara unalipa upya. Malipo ni kwa kadi ya Visa au Mastercard. Iwezeshe mapema kwa manunuzi ya nje na uangalie kikomo chake cha siku.

Ukishawishiwa na darasa, uliza maswali manne kabla ya kutoa kishika nafasi. Ada ya mtihani imo? Kila mwanafunzi ana mashine yake? Tutarejesha kanzidata mara ngapi kwa mikono yetu? Na mwisho nitapata cheti cha nani? Cheti cha kuhudhuria mafunzo kina mhuri mzuri na rangi za dhahabu, lakini hakina kiungo cha kuthibitisha kwenye tovuti ya Oracle wala Microsoft, na ofisa ajira anayejua kazi atakitafuta kiungo hicho.

Kuhusu mafaili ya maswali yaliyoibwa yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram: achana nayo. Wenye mitihani hufuta matokeo na kufungia watahiniwa, na hata ukipita, kwenye usaili utaulizwa swali moja tu la kurejesha na utajulikana.

Siku ya mtihani

Mtihani wa Microsoft unafanyika kupitia Pearson VUE, kituoni au nyumbani. Tafuta kituo kwa kuandika Arusha kwenye ukurasa wao. Hata ikibidi usafiri, kituo kinakuondolea wasiwasi wa umeme na neti.

Ukifanyia nyumbani, chumba kiwe na wewe peke yako, meza iwe tupu, simu iwe mbali, na utapiga picha pande zote kabla ya kuanza. Mtu akiingia, mtihani unaweza kusitishwa. Kusoma swali kwa sauti pia hakuruhusiwi, na wengi wetu tuna tabia hiyo. Kama nyumba ina watoto au jirani ni fundi wa kuchomelea, azima ofisi ya mtu Jumamosi. Laptopu iwe imejaa chaji na ruta iwe kwenye UPS ndogo. Kutegemea neti ya kugawa kutoka kwenye simu hakushauriwi. Endesha jaribio lao la mfumo siku mbili kabla, mahali hapohapo na kwa laptopu hiyohiyo.

Majina ndiyo huangusha watu wetu kwa sababu tuna matatu. Jina ulilojisajili nalo lilingane na la kitambulisho cha Taifa au pasipoti, herufi kwa herufi. Kama ulifungua akaunti miaka ya nyuma kwa jina la utani au ukaruka la baba, lirekebishe wiki mbili kabla.

Na saa tena: miadi ya 14:00 ni saa nane mchana. Kuahirisha ikiwa zimebaki chini ya saa 24 kunapoteza ada yote.

Mtihani hauko kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo Microsoft huruhusu kuomba dakika 30 za ziada. Omba kabla ya kupanga tarehe. Kwenye mitihani kama DP-300 unaruhusiwa kufungua kurasa za Microsoft Learn mtihani ukiendelea, ila saa haisimami. Tumia nafasi hiyo kukumbuka jina la mpangilio, usiitumie kujifunza.

Kuamua

Rudi kwenye daftari la matangazo 20. Yenye L yakifika matano au zaidi kwa kanzidata moja, na jaribio la siku 30 umelipita, lipa. L zikiwa moja hadi nne na N zimejaa, lipa kama elimu yako imeshafika wanapotaka na una angalau mwaka wa kugusa seva. La sivyo tafuta uzoefu kwanza, hata wa kuilinda kanzidata ya SACCOS ya jirani kwa posho. Hakuna L kabisa, weka pesa kwenye laptopu yenye RAM ya kutosha na diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Kwa atakayebaki hapa na kujitegemea kuna njia ambayo haihitaji cheti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hoteli, zahanati na kampuni za utalii zina namba za pasipoti na taarifa za afya za watu kwenye kompyuta ambazo kila mfanyakazi anajua nywila yake. Mtu atakayekuja na orodha ya nani anaona nini, ruhusa zilizopunguzwa, nakala rudufu iliyosimbwa (isiyosomeka bila ufunguo), na karatasi inayoonyesha kwamba nakala hiyo ilirejeshwa ikafunguka, ana cha kuuza.

Ukishaamua kufanya mtihani, panga tarehe wiki kumi mbele na ulipe ili isikwepeke. Kama unafanyia kazi kampuni ya utalii, isiangukie kati ya Juni na Oktoba. Wageni wakijaa na mfumo ukagoma, simu itaita hata katikati ya kurasa za mwisho za marudio. Lenga Aprili, mvua za masika zikiwa zimefunga barabara za mbugani na ofisi zimetulia.